Mbuzi wamejaa barabarani, sasa watatowekaje?

Juzi nilikuwa kwa muuza nyama choma pale Mwanga, Kigoma mjini, nasubiri nusu kilo yangu, nikamwambia mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja kwamba kuna watu duniani kazi yao ni kupima mbegu gani ya mbuzi iko karibu kutoweka, na hata hawa wetu wa Ujiji wanatakiwa wapimwe. Mzee alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, mbuzi watoweke? Si umepita nao hapo wanazuia bodaboda?" Na kweli nilikuwa nimepita nao, beberu mmoja alikuwa kalala katikati ya barabara kama yeye ndo mwenye manispaa. Sikuwa na jibu la haraka, nikala nyama yangu nikaondoka, ila swali limenisumbua wiki nzima, mimi nauza dawa za mifugo, hii ishu napaswa niweze kuielezea. Kwa hiyo hili ni jibu la mzee, refu kidogo.

Kinachochanganya watu ni hiki. Ukisikia faru yuko hatarini hesabu yake nyepesi, unahesabu faru waliobaki basi. Mbuzi kama mnyama hamalizwi leo wala kesho, duniani wako zaidi ya bilioni 1, Tanzania peke yake wamevuka milioni 25. Kinachopimwa ni mbegu, yaani ule ukoo wa mbuzi uliokaa sehemu moja vizazi na vizazi, ukazoea minyoo ya pale, majani ya pale, ndorobo wa pale, na ule mwezi wa kiangazi ambao hamna kitu cha kula zaidi ya maganda ya mihogo. Mbegu ndo inaweza kupotea huku mbuzi wamejaa barabarani.

Kwenye orodha za watafiti, mbuzi wetu karibu wote wanawekwa kwenye kapu moja kubwa la mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki, alafu ndani ya kapu ndo unakuta majina: wa Kisukuma, wa Kigogo, weupe wa Pare, wa Sonjo, wa Newala, na wa Ujiji. Sasa nenda Kasulu ukamuulize mfugaji kama hii ni mbegu ya Ujiji, atakuangalia tu, kwake ni impene, yaani mbuzi tu, basi, labda akuongezee kwamba huyu ni wa ukoo wa yule jike aliyeletwa na marehemu baba. Hakuna daftari la ukoo, hakuna chama cha wafugaji wa mbuzi wa Ujiji. Hilo jina limekaa zaidi kwenye karatasi kuliko zizini, na hapo ndo tatizo la kwanza la kupima linaanza, maana huwezi kusema kitu kimepungua kama hujakubaliana na wenzako hicho kitu ni kipi. Na mpaka wa Burundi uko hapo tu, mbuzi hana pasipoti. Mbegu moja ikiitwa majina mawili huku na huko utaona mbegu mbili ndogo zenye hali mbaya wakati ni moja yenye afya, na mbegu mbili tofauti zikiitwa jina moja utaona kundi kubwa lenye amani wakati moja ndani yake inakwisha kimyakimya. Hili la pili ndo linanitisha zaidi, lile kapu kubwa linaficha mengi.

Haya, tuseme tumekubaliana mbegu ni ipi. Vipimo vipo, na vinavyotumika sana ni vya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Mwaka 2007 nchi zilikutana Interlaken, Uswisi, zikapitisha mpango wa dunia wa kulinda mbegu za mifugo, na mwaka 2013 FAO wakatoa mwongozo wenye namba kabisa. Kwa wanyama wanaozaa polepole, na mbuzi na kondoo wamo humo, mbegu ikibaki na majike wa kuzaa 300 au chini ya hapo iko mahututi. Kati ya 300 na 3,000 iko hatarini. Kati ya 3,000 na 6,000 iko kwenye tahadhari. Sasa angalia upande wa madume: 5 au chini, mahututi. Mpaka 20, hatarini. Mpaka 35, tahadhari. Na ukikuta majike wanasema salama lakini madume wanasema mahututi, unachukua ile mbaya. Hizo ni namba za mbegu nzima, sio za kijiji.

Mtu akiziona mara ya kwanza anauliza mbona madume wachache hivyo wanaleta kelele kubwa hivyo, si beberu mmoja anapanda majike 30 bila kuchoka? Anapanda ndiyo, ndo shida yenyewe. Kuna fomula, msiogope, ni ya kuzidisha na kugawanya tu: chukua majike zidisha kwa madume, zidisha tena kwa 4, alafu gawanya kwa jumla ya majike na madume. Jibu unalopata ndo ukubwa wa kundi lako kwa macho ya damu, sio kwa macho ya zizi. Tuseme una majike 200 na mabeberu 4. 200 mara 4 mara 4 ni 3,200, gawanya kwa 204, unapata kama 16. Una wanyama 204 wanatimua vumbi lakini kidamu una kundi la wanyama 16. Sasa ongeza majike wawe 2,000, mabeberu wale wale 4. Piga hesabu. Unapata 16 tena. Narudia kwa sababu mimi mwenyewe nilirudia kupiga kwenye simu nikidhani nimekosea: umeongeza majike mara kumi na jibu halijasogea. Lakini rudi kwa wale 200, uwape mabeberu 25, jibu linaruka mpaka karibu 89.

Kwa nini? Kila kitoto kina baba na mama, nusu ya damu yote ya kizazi kijacho inatoka kwa madume, wakiwa wanne basi nusu nzima ya kundi inapita kwenye mlango wa watu wanne. Baada ya muda unayempandisha ni dada yake au binti yake, upende usipende. Kasi ya hiyo ndugu kwa ndugu unaipata kwa kugawa 1 kwa mara mbili ya lile jibu. Lile kundi la 16 linakupa kama asilimia 3 kila kizazi, na asilimia 3 kwenye mwongozo ni mahututi. Kati ya 1 na 3 ni hatarini, kati ya nusu na 1 ni tahadhari. Kizazi cha mbuzi ni kama miaka 3 mpaka 4, kwa hiyo haichukui muda mrefu kuanza kuona vitoto dhaifu, majike wanaochelewa kushika mimba, wanyama wadogo wadogo ambao kila mtu anasema "mbegu yetu imechakaa" alafu anaenda kutafuta beberu wa kisasa. Hapo mbegu inasingiziwa, kilichochakaa ni mpangilio.

Lazima niseme hiyo fomula ina kasoro yake, inachukulia mabeberu wote wanapata nafasi sawa, kitu ambacho hakipo, beberu mkubwa mmoja anawatimua wenzake wote. Kwa hiyo hali halisi inaweza kuwa mbaya kuliko jibu. Ila kuna upande unaotusaidia, huku kwetu mbuzi wa nyumba mbalimbali wanachungwa pamoja na beberu wa jirani haombi ruhusa, hiyo inachanganya damu bila mtu kupanga. Zizi la kisasa lenye uzio mzuri ndo lingekuwa na shida zaidi.

Na kuna jambo fomula hailioni kabisa, ila kila mtu aliyewahi kukaa mnadani analijua. Nani anauzwa kwanza? Yule mkubwa, mwenye kifua, ngozi inang'aa, ndo mnunuzi anamshika mgongo kabla hata hajasalimia. Idd inakuja, anaondoka. Krismasi, anaondoka mwenzake. Harusi inataka ndafu, anaondoka wa tatu, na mwingine alihasiwa zamani anenepe. Anayebaki zizini ni yule ambaye mnunuzi alimwangalia akasema hapana, na huyo ndo baba wa vitoto vya mwaka kesho. Tunachagua kinyumenyume, miaka na miaka, alafu tunashangaa.

Sasa nije kwenye kuchanganya, kwa sababu mbegu nyingi hazifi kwa kufa, zinafa kwa kuozeshwa. Beberu wa Boer, yule wa Afrika Kusini mweupe kichwa chekundu, akilishwa vizuri anapita kilo 100, wa kwetu wengi wanaishia kilo 30 hivi. Mfugaji akiona hiyo tofauti huwezi kumlaumu, ana ada ya shule ya kulipa. Anampandisha jike wake wa kienyeji, kitoto kina nusu. Binti yake akipandwa na Boer tena, damu ya kienyeji imebaki robo. Mjukuu, moja ya nane. Kitukuu, moja ya kumi na sita. Hakuna mbuzi hata mmoja aliyekufa, zizi limejaa, pengine limeongezeka, na mbegu imekwisha ndani ya miaka kumi na tano hivi. Ndo maana anayepima anauliza majike wangapi wanapandwa na dume wa mbegu yao, haishii kuuliza majike wangapi wapo. Jike wa kienyeji anayezaa machotara kila mwaka ni kama hayupo kwenye hesabu ya mbegu, na akizeeka ameondoka bila kuacha mtu.

Mfano mzuri kuliko wote uko jirani tu na ni wa kondoo. Kondoo wekundu wa Kimasai, wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, wana kipaji ambacho dunia nzima ya sayansi inakitamani: wanaihimili ile minyoo ya tumboni inayonyonya damu, ile inayofanya kope ziwe nyeupe na taya livimbe chini. Miaka ya 1970 Kenya ikaanza kuwasambazia wafugaji kondoo aina ya Dorper, asili yao Afrika Kusini, wakubwa, wananenepa haraka, na wafugaji wakaanza kupandisha kila kitu bila mpango. Watafiti wakaja kuwapima hao wawili bega kwa bega pwani ya Kenya, kule Diani, sehemu ya joto na unyevu ambako minyoo inafurahia maisha, na ukihesabu vitoto vinavyofika utu uzima yule mdogo mwekundu alimwacha Dorper mbali sana. Lakini wakati majibu yanatoka, kumpata mwekundu halisi tayari ilikuwa kazi. Ukiangalia kwa macho unaona kondoo wekundu, ukipima vinasaba unakuta Dorper kajificha ndani. Rangi inadanganya. Kondoo hawakupungua, waliobaki ndo hawakuwa wale. (Huyo Dorper mwenyewe, kwa taarifa yako, alitengenezwa kwa kuchanganya kondoo wa Kiingereza na yule wa kichwa cheusi ambaye asili yake ni Somalia, kwa hiyo nusu yake alikuwa anarudi nyumbani.)

Nikisema hivi watu wananiambia unapinga maendeleo. Sipingi, na kama ni biashara machotara wananilipa zaidi, anayefuga chotara anakuja dukani kununua dawa ya minyoo mara nyingi kuliko yule wa kienyeji, hilo naliona kwenye daftari langu la mauzo, na hasa masika majani yakiwa na maji. Kuchanganya kwa mpango kupo na kumefanyika hapa hapa nchini, kule Malya wilayani Kwimba walitengeneza mbuzi mpya kwa asilimia 55 Kamorai (mbuzi wa Pakistan), 30 Boer na 15 wa kienyeji, wakiandika kila kitu. Ila huko nao walihitaji ile 15. Uhimilivu ulitoka humo. Tofauti yake na tunachofanya mtaani ni kwamba wao walijua nini kimeingia na nini kimetoka. Kijiji kimoja ninachokifahamu kilipewa mbuzi wa maziwa na mradi fulani, wakafa karibu wote mwaka wa kwanza, mradi ukaondoka na mabango yake, waliobaki ni machotara ambao maziwa hawatoi na minyoo hawaihimili.

Kipimo kingine ni wapi wanaishi. Mbegu inaweza kuwa na makumi ya maelfu na bado ikawa hatarini kwa sababu wote wanakaa sehemu moja. Waingereza walijifunza hili kwa maumivu mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia wakachinja zaidi ya wanyama milioni 6, wengi kondoo, na wengi hata hawakuwa wanaumwa, waliuawa kuzuia usisambae. Kuna kondoo wao anaitwa Herdwick, yuko karibu wote kwenye milima ya Cumbria tu, na ugonjwa ulipiga hapo hapo. Idadi kabla ya hapo ilikuwa nzuri tu. Sisi tuna sotoka ya mbuzi na kondoo, ilithibitishwa kaskazini mwa nchi mwaka 2008 alafu ikashuka mpaka kusini, na ikiingia kwenye zizi ambalo halijachanjwa inapukutisha, vitoto ndo vinaisha kwanza. Mbegu iliyosambaa Kigoma, Tabora, Katavi ina mahali pa kuanzia tena. Iliyobaki kata mbili, haina.

Baada ya vipimo vyote hivyo unafikiri jibu linalotoka mara nyingi ni lipi? Sio mahututi, wala sio salama. Ni "haijulikani". Kwenye ripoti kubwa ya FAO ya 2015 asilimia 17 ya mbegu za mifugo duniani zilikuwa hatarini, lakini asilimia 58 hazikujulikana hali zake, hakuna namba. Na kuna kanuni kwamba kama nchi haijatuma namba ya mbegu fulani kwa miaka 10, hiyo mbegu inarudishwa kwenye haijulikani hata kama zamani ilijulikana. Mtu akikwambia mbegu chache tu za Afrika ziko hatarini kuliko Ulaya, muulize zilizohesabiwa ni ngapi. Ulaya wana madaftari ya ukoo, kwa hiyo wanaona wanavyopoteza. Sisi hatuoni.

Na tunahesabu, tatizo ni tunavyohesabu. Sensa ya kilimo ya 2019/20 iliwagawa mbuzi makundi matatu: wa asili, wa nyama walioboreshwa, na wa maziwa. Wa asili wote, kuanzia Ujiji mpaka Newala, mstari mmoja. Kwa mipango ya nyama na chanjo hiyo inatosha kabisa. Kwa kujua mbegu ya Ujiji imebaki na mabeberu wangapi, haikusaidii. Sasa hivi kuna hii kampeni ya chanjo na hereni iliyozinduliwa 2025, mnyama mmoja mmoja anapata namba yake sikioni, na hapo naona nafasi kweli, lakini anayesajili akiandika mbuzi wa kienyeji akaishia hapo, tutakuwa na mamilioni ya hereni na swali lile lile.

Kuna wanaosema basi tugandishe manii ya mabeberu kwenye naitrojeni, ule umajimaji wa baridi kali, tupumzike. Inasaidia, ila sio kama kuweka samaki kwenye friji. Ukihifadhi manii ya dume peke yake, siku unataka kurudisha mbuzi wako unahitaji jike, na kama majike wa mbegu hiyo wameisha unaanza na wa mbegu nyingine, nusu, robo tatu, saba ya nane, mpaka kizazi cha tano ndo unafika asilimia 97 hivi, hiyo ni zaidi ya miaka 15 ya kazi bila kukosea. Hispania walikuwa na mbuzi pori wa milima ya Pyrenees, wa mwisho alikufa Januari 2000, jike. Walikuwa wamehifadhi chembe zake, mwaka 2003 wakafanikiwa kumzalisha kwa maabara, kitoto kikaishi dakika chache tu kwa sababu ya mapafu. Na hata kingepona, kilikuwa jike. Angepandwa na nani.

Jumapili nikaenda Kasulu kwa mjomba, nikiwa na daftari, nikasema ngoja nianze na zizi moja. Majike 14. Beberu mmoja, mdogo mdogo, pembe moja imepinda. Nikamuuliza, "Mjomba, huyu ulimtoa wapi?"

"Kazaliwa hapa hapa. Mama yake yule pale mwenye baka jeusi."

"Na baba yake?"

"Alikuwa mkubwa sana yule. Nilimuuza Idd."

Nikaandika. Alafu nikauliza na wale majike watatu wadogo, wale wanaofanana, baba yao nani, mjomba akanyamaza kidogo akiwaangalia, akasema, "Si huyo huyo."

Nikachora mstari kutoka kwao mpaka kwa beberu, nikavuka barabara kwenda zizi la jirani.